Kwa nini sindano ya ganzi hugoma kwenye jino lenye usaha?

Fizi ilikuwa imevimba. Daktari akanichoma sindano ya ganzi, lakini alipogusa jino kwa koleo niliruka. Dawa ilikuwa feki?

Si lazima. Lidokeini, dawa ya ganzi inayotumika sana kwa meno, ni besi (kinyume cha asidi) dhaifu, na kisa chote kimo kwenye huo udhaifu.

Dhaifu, yaani haina nguvu?

Hapana, neno hili limepotosha wengi. Asidi ya haidrokloriki ni kali kwa sababu ikiingia majini molekuli zake karibu zote huachia haidrojeni na kugeuka ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Asidi ya siki ni dhaifu: ukiwa na moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), molekuli kama 13 tu kati ya 1,000 ndizo zilizovunjika. Nazo hazitulii, zinavunjika na kuungana tena muda wote, ila hesabu inabaki ileile. Besi dhaifu ni vivyo hivyo, isipokuwa zenyewe hupokea haidrojeni: molekuli zilizoipokea zina chaji, nyingine hazina. (Usidhani dhaifu ni salama: asidi ya haidrofloriki ni dhaifu, lakini hupenya nyama hadi mfupani.)

Na jino langu je?

Mshipa wa fahamu umezungukwa na utando wa mafuta, na mafuta hayapitishi kwa urahisi kitu chenye chaji. Katika nyama yenye afya, pH 7.4 (pH ni kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka), takriban asilimia 24 ya lidokeini haina chaji. Hiyo ndiyo inayopenya. Ikishafika ndani hupokea haidrojeni, hupata chaji, kisha huziba njia za sodiamu zinazopitisha ujumbe wa maumivu. Penye usaha pana asidi, yaani haidrojeni ya kupokewa ni nyingi, hivyo lidokeini nyingi hupata chaji kabla ya kupenya. Tuseme pH imeshuka hadi 6.4: isiyo na chaji inabaki kama asilimia 3. Iliyobaki imekwama nje ya mshipa. Tena damu nyingi inayokimbilia uvimbe huiondoa dawa upesi.

Si angeongeza tu dozi?

Kuna kikomo; lidokeini ikizidi mwilini huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Mara nyingi daktari huchoma mbali na uvimbe, mshipa unapopita kwenye nyama nzima, au hutoa usaha kwanza. Wengine huchanganya dawa na sodiamu baikaboneti kidogo ili kupunguza asidi yake. Ukisikia maumivu, inua mkono ili daktari aache kwanza.