“Nikichoka Nitatoroka”: Uongo Unaowaponza Wanaokwenda Saudia

Nafundisha watu wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, na kuna kauli moja sasa inanichosha kabisa: “Mambo yakiwa magumu nitatoroka, niwe kemboi,” yaani mfanyakazi aliyemtoroka mwajiri wake na kufanya vibarua bila karatasi. Inasemwa kwa kujiamini na wasichana ambao hata pasipoti hawajaipata. Mara nyingi wameitoa kwa rafiki aliyeko Riyadh au Jeddah, anayeonyesha TikTok nguo na simu mpya, akidai anapata mara mbili ya kadama (mfanyakazi wa nyumbani) wa mkataba.

Huenda anapata kweli. Lakini haelezi yanayofuata. Ukiondoka kwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, bila utaratibu, yeye anaripoti huruub, yaani kwamba umetoroka, na kuanzia hapo ikama, kibali chako cha kuishi huko, haikulindi tena. Bosi mpya akikataa kukulipa, utamshtaki wapi nawe huna karatasi? Tiketi ya kurudi ambayo mwajiri angekulipia mkataba wa miaka 2 ukiisha, umeipoteza. Na siku mama akifariki ukataka kuja kumzika, kununua tiketi hakutoshi. Saudia inataka viza ya kutoka, na njia ya asiye na karatasi kwa kawaida inapitia kizuizini, kisha kurudishwa na kupigwa marufuku kuingia tena. Ukizaa huko nje ya ndoa, kumpatia mtoto cheti cha kuzaliwa ni kazi kubwa, na bila cheti hakuna pasipoti. Wako akina mama Wakenya waliokwama na watoto wao kwa sababu hiyo hiyo.

Nieleweke vizuri: sisemi mtu avumilie kipigo. Ukipigwa, ukibakwa, ukinyimwa chakula, toka! Lakini toka uende polisi au ubalozini, usiende kwenye chumba cha dalali wa vibarua. Ukiwahi kuripoti, malalamiko yako yanakuwa na kumbukumbu. Ukijificha, kinachobaki kwenye faili ni maneno ya mwajiri peke yake. Mshahara usipolipwa nayo ni kesi; hesabu miezi, hifadhi ujumbe wote, na ndugu zako waende kumkalia ajenti aliyekupeleka mpaka ashughulike.

Ubalozi wa Kenya uko Riyadh. Aliye Dammam yuko kama kilomita 400 kutoka hapo, wa Abha yuko mbali zaidi. Kwa hiyo nawasumbua wanafunzi wangu: jua mji unaokwenda, mwachie dada yako nakala ya mkataba na namba ya mwajiri, kisha ziandike namba za ubalozi na za nyumbani kwenye kikaratasi, ukikunje, ukishone ndani ya upindo wa dera. Wanacheka. Mwajiri mbaya huanza kwa kuchukua simu, na upindo wa dera hakuna anayeukagua.

Kuna mengine ninayoyasikia. Eti mwajiri ana haki ya kukaa na pasipoti yako. Hana. Sheria za Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu zinakataza, ijapokuwa waajiri wengi bado wanafungia pasipoti kabatini. Piga picha kurasa zake kabla hujapanda ndege.

Eti kadama hana sheria inayomlinda. Qatar ina sheria ya wafanyakazi wa nyumbani tangu 2017: saa zisizozidi 10 kwa siku na siku moja ya mapumziko kila wiki. Tangu Machi 2021 kima cha chini huko ni riali 1,000 kwa mwezi, na kadama yumo. Anayekuambia upokee 700 kwa sababu wewe ni mgeni anakuibia.

Eti uende na viza ya kutembelea, itabadilishwa ukifika. Hii siibembelezi. Huna mkataba uliothibitishwa, na ukipata shida hakuna ofisi yenye jina lako. Jina la ajenti litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya kabla hujatoa hata shilingi. Lisipokuwemo, ondoka ofisini kwake, hata kama aliyekupeleka ni shangazi yako.