Mwanangu Anavunja Kila Mdoli Ninaomnunulia: Je, Ni Tatizo?

Idi ikipita, au wiki ile ya baada ya Krismasi, kina mama wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni hapa Tanga wanakuja kliniki ya watoto na lalamiko moja: mdoli umenunuliwa jana, leo ni vipande. Wengine wanauliza kwa kucheka, wengine wameshaanza kuogopa. Nimeyakusanya hapa maswali yao na majibu yake. Naomba usiishie kwenye majibu ya mwanzo ukaridhika, maana hatari yenyewe iko mbele.

Mtoto kuvunja midoli yake ni ugonjwa?

Hapana. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 hivi anagonga, anatupa, anavuta na kung'oa kwa sababu anataka kujua ndani kuna nini. Gari likilia, atakitafuta kinacholia. Mwanasesere akifumba macho, atayachokonoa hayo macho. Hana nia ya kukutia hasara. Tena midoli mingi inayopangwa chini kwenye turubai pale sokoni ni plastiki nyepesi, hata mtoto mpole haimfikishi Ijumaa.

Ataacha lini?

Wengi wakifika miaka 4 au 5 huanza kutunza vitu vyao. Wapo wanaoendelea kufungua hadi shule ya msingi, lakini hao wanafungua ili waunge: anachomoa mota ya gari bovu, anaifunga kwenye ngalawa ya kandambili, anakwenda kuijaribu ufukweni. Huyo mwache.

Basi lini niwe na wasiwasi?

Acha kuangalia mdoli, mwangalie mtoto. Ana mwaka, ukimwita jina hageuki? Ana miaka 2, bado haungi maneno mawili, hata "mama njoo"? Alikuwa na maneno yakapotea? Anajipiga kichwa ukutani, anaumiza wenzake au wanyama kila mara? Au ni mkubwa, alikuwa akitunza vitu vyake, na ghafla anaviharibu kwa hasira tangu nyumbani kulipotokea msiba, ugomvi au kipigo? Mlete.

Nasema mlete kwetu, mapema. Watoto wengi wasiosema wanafika wakiwa na miaka 5 au 6, baada ya kuzungushwa kwa waganga kwamba wana majini. Dua haina kizuizi, mwombee mwanao usiku na mchana. Lakini dua haikuzuii kuja kumpima masikio.

Nimchape ili ajue thamani ya vitu?

Usimchape. Wazee wananijibu "samaki mkunje angali mbichi". Sawa, mkunje kwa kumwonyesha, kwa kumpa kitu kingine akifungue, kwa kumtaka aokote vipande pamoja nawe. Mtoto wa miaka 2 ukimchapa kwa kuvunja gari hajifunzi thamani ya gari. Anajifunza kukuficha. Siku ya siku, kilichotoka ndani ya gari kitakuwa kimeingia mdomoni, naye atakaa kimya kwa sababu anaiogopa fimbo. Hapo ndipo kuvunja midoli kunapoua.

Kitu gani hicho?

Betri ya saa. Ile ndogo, bapa, inayong'aa kama sarafu. Imo kwenye midoli inayolia na kuwaka, viatu vya watoto vyenye taa, tochi za laiza, rimoti ndogo, kalamu za taa, mizani ya jikoni na kipimo cha sukari cha bibi. Mdoli ukipasuka, betri inadondoka, na mtoto wa umri huo kila kipya anakionja.

Ikikwama kwenye njia ya chakula haikai tu kama kokoto. Inapogusana na unyevu wa koo, umeme unapita kwenye nyama, na pale pale inatengenezwa kemikali kali ya jamii moja na kostiki ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa 2 nyama inaweza kuwa imeungua vibaya. Saa 2, si siku 2. Mbaya kuliko zote ni zile za upana wa milimita 20, zenye volti 3, zilizoandikwa CR2032 na namba za jamii hiyo, kwa kuwa upana wake ndio hasa unaokwama kwenye koo la mtoto mdogo.

Lakini betri yenyewe ilikuwa imekufa, mdoli haukuwa ukiwaka.

Imekufa kwa kuwasha mdoli. Kwa kuunguza koo la mtoto bado ina nguvu ya kutosha. Njoo.

Anacheza vizuri, hana dalili. Nisubiri itoke na choo?

Usisubiri. Swali hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, maana anayeuliza mara nyingi ameshasubiri tangu jana. Mtoto anaweza kucheza, kucheka na kunywa uji huku koo linaungua. Kusubiri choo ni kuipa betri usiku mzima ifanye kazi yake. Ikishaunguza, inaweza kutoboa njia ya chakula, ikafikia njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu. Wapo watoto wanaotapika damu siku kadhaa, hata wiki kadhaa, baada ya betri kutolewa. Kwa hiyo hata ukiambiwa imetoka, ukiona damu kwenye matapishi au choo kimekuwa cheusi kama lami, mrudishe mbio.

Betri inayoonekana kwenye picha kwamba imeshashuka tumboni ni habari nyingine. Daktari ataamua kama itolewe au ifuatiliwe. Ila kuamua iko wapi si kazi yako, wala yangu, wala ya jirani. Ni kazi ya picha ya eksirei.

Nimpe maziwa? Nimmezeshe tonge la ugali liisukume? Nimtapishe?

Hapana, hapana, na hapana. Tonge la ugali ni dawa ya kienyeji ya mwiba wa changu, na hata kwa mwiba siipendi. Kwa betri, tonge linaikandamiza, na tena linamjaza mtoto tumbo wakati huenda akahitaji kulazwa usingizi ili itolewe. Kumtapisha kunaweza kuipeleka kwenye njia ya hewa. Kumwingiza vidole kooni usithubutu.

Kitu kimoja kinaruhusiwa, tena mkiwa njiani: asali. Kama ameshatimiza mwaka 1, anameza bila shida, na hazijapita saa 12 tangu ameze, mpe asali halisi vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6. Asali inaufunika ukuta wa koo na kupunguza kuungua. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa. Na nisisikie mtu amekaa barazani anasubiri mtu akatafute asali ya Handeni. Kama haipo kabatini, ondoka bila hiyo.

Anakohoa, anatoka udenda, anakataa kula. Bibi yake anasema ni kimeo.

Tafadhali msimkate kimeo. Nakuomba wewe mama, na bibi namwomba kwa heshima zote. Udenda wa ghafla, kukataa chakula kigumu, kutapika, sauti kukwaruza, kupumua kwa mlio: kwa mtoto aliyekuwa mzima asubuhi, hizo ni dalili za kitu kilichokwama mpaka ithibitike vinginevyo. Kimeo ni kiungo chake, hakimkoholeshi. Anayekikata anamwongezea kidonda, damu na maambukizi, na betri anaiacha palepale. Vivyo hivyo dawa ya kifua kutoka duka la dawa: chupa inaisha, siku 3 zimekwenda, koo limetoboka. Ukifika kwetu usiseme tu "anakohoa". Sema: "Ana mdoli uliovunjika na betri siioni." Hiyo sentensi moja inabadilisha tunavyompokea.

Ameiingiza puani, si mdomoni.

Haraka ileile. Ndani ya saa chache inaweza kuutoboa ukuta unaotenganisha tundu za pua. Usidondoshee maji, mafuta ya nazi wala matone ya dawa, unyevu unaongeza kuungua. Usichokonoe kwa kibanio.

Ni usiku, tuko mbali na mjini.

Ondokeni usiku huohuo. Kama zahanati ya karibu haina eksirei, isiwe kituo cha kulala. Ulizeni hapohapo ni wapi pa kumwahisha, wawapigie simu kabla hamjafika. Kwa walio mjini na kandokando, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo. Baba akiwa baharini, usimngojee arudi ndipo mkate shauri.

Basi nisimnunulie midoli?

Mnunulie. Kabla hujalipa, geuza mdoli utazame kifuniko cha betri: kiwe kimefungwa kwa skrubu, kisifunguke kwa kucha. Kisipokuwa na skrubu, urudishe. Ukivunjika, uchukue siku hiyohiyo, toa betri, izungushie selotepu pande zote, itupe mahali asipofika. Sumaku za spika bovu nazo zisiachwe uani, maana mbili zikimezwa zinavutana na kubana utumbo katikati. Na mwenye hamu ya kugonga na kupasua mpe vifuu, makopo yasiyo na makali, maboksi na vijiko vya mwiko. Apasue atakavyo.

Je, ikiwa alimeza sarafu tu na mimi nimewasumbua?

Hujamsumbua mtu. Ukimwangalia kwa macho huwezi kujua, na mtoto wa miaka 2 hawezi kukwambia. Kwenye picha betri huonyesha duara ndani ya duara, sarafu haionyeshi. Ikiwa ni sarafu na imeshuka tumboni, kwa kawaida mtarudi nyumbani na maelekezo ya kuangalia choo. Njoo na mdoli wenyewe, au pakiti ya betri, tusome namba.