Kabla ya kuongeza chumba, ikague nyumba uliyonayo

Mwenye nyumba anayetaka kuipanua huja kwetu wahandisi akiwa na mchoro wa chumba kipya mkononi. Sisi humwomba kwanza tuitazame nyumba ya zamani, kwa sababu matatizo mengi ya upanuzi huzuka pale majengo mawili yanapokutana.

Nyumba iliyopo imeshatulia. Uzito wake umekandamiza udongo kwa miaka. Sehemu mpya ndiyo kwanza inaanza kushuka. Ikishuka hata milimita chache, kuta zilizofungamanishwa zitapasuka kwenye maungio, na ufa huo hauponi kwa kupigwa lipu. Ndiyo maana mara nyingi tunashauri uachwe mwanya mwembamba kati ya kuta hizo, kuanzia msingi hadi juu, ujazwe kitu kinachonyumbuka badala ya saruji.

Fukua shimo dogo kando ya ukuta wa zamani uone msingi wake umefika wapi na umekalia udongo gani. Usiruhusu mtaro mpya uchimbwe chini kuliko msingi huo, ukiwa ubavuni mwake, bila mhandisi kusimamia. Udongo unaoibeba nyumba unaweza kuporomokea mtaroni na ukuta ukaufuata. Mvua ikinyesha mtaro ukiwa wazi, hatari ni kubwa zaidi kwa waliolala ndani.

Kuongeza ghorofa ndiko kunakotutia hofu zaidi. Msingi wa nyumba ya chini ulikadiriwa kubeba nyumba ya chini, na kuta kuonekana imara si ushahidi wa kitu chochote. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lililoanguka mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100 lilikuwa limeongezewa ghorofa bila kibali. Lilikuwa jengo la maduka na viwanda vya nguo, lakini zege na nondo hazibagui. Msingi, nguzo na nondo vipimwe kwanza. Majibu yakiwa mabaya, jenga kwa upande.

Ukuta unaotaka kuutoboa mlango nao uulizie: je, umebeba paa au slabu, yaani sakafu ya zege ya juu? Kama umebeba, egemeza mzigo kwanza, weka linta, yaani boriti ya kubeba ukuta juu ya mlango, kisha ndipo ufungue.

Angalia pia chumba kipya kitaziba dirisha la nani. Chumba cha ndani kikikosa hewa na mwanga, umepata kimoja na kupoteza kingine. Usijenge juu ya shimo la maji taka wala chemba. Mapaa mawili yakikutana, maji ya mvua yapewe njia pana ya kutokea, la sivyo yatavuja hapo hapo. Fundi umeme akague kama nyaya na swichi kuu zitahimili mzigo mpya.

Kibali cha ujenzi na umbali kutoka mpaka wa jirani vimalizwe kabla ya kununua tofali la kwanza. Kwenye bajeti, tenga akiba ya asilimia 10 hadi 15, kwa kuwa yaliyojificha ndani ya ukuta wa zamani huonekana siku ya kuuvunja.