Trilobaiti wawili waliobondeka

Mwaka 1844 mwanajiolojia Ebenezer Emmons alieleza trilobaiti wawili kutoka miamba ya sleti ya mashariki mwa jimbo la New York, Marekani. Mmoja alimwita Atops trilineatus, wa pili Elliptocephala asaphoides. Trilobaiti ni wanyama wa baharini wenye gamba gumu, jamaa wa mbali wa kaa na nge, waliotoweka miaka milioni 252 iliyopita. Emmons alishikilia kwamba miamba yenye hao wawili ni mikongwe kuliko yote yenye visukuku jimboni humo.

Mwaka 1847 mwanajiolojia mwenzake James Hall, aliyeheshimiwa kuliko Emmons, alikataa. Atops, alisema, ni Triarthrus beckii tu, trilobaiti wa miamba michanga zaidi. Yule wa pili akamweka kwenye jenasi Olenus.

Simlaumu Hall sana. Sleti ni tope lililogeuka jiwe, kisha likakandamizwa milima ilipokuwa ikijikunja. Kisukuku kilichomo hubondeka pamoja nalo: mgongo unalala bapa, mifereji ya kichwani inafifia, na umbo linavutika upande mmoja. Kwenye bamba moja, mnyama aliyelala kufuata mvuto huonekana mrefu mwembamba, na mwenzake wa spishi ileile aliyelala kukingama huonekana mfupi mpana. Ukiwa na sampuli moja tu, utawapa majina mawili.

Kwa hiyo tunapokagua upya sampuli ya zamani hatuanzi na jina lake. Tunaifukiza kloridi ya amonia ili ipate weupe mwembamba usioakisi mwanga, tunaimulika kwa taa ya ubavuni, na alama iliyobaki jiweni tunaimwagia mpira ulioyeyuka, unaoganda baadaye, ili tupate nakala ya gamba. Kisha tunarudi kwenye tabaka lilelile kutafuta wenzake. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo iliyomaliza ubishi wa Emmons.

Kwanza Joachim Barrande, mtaalamu wa trilobaiti wa Prague, mwaka 1860, alisoma maelezo ya Hall mwenyewe kuhusu trilobaiti wa Georgia, mji wa jimbo la Vermont, akatambua kwamba ni wa kundi la kale kabisa. Emmons alifariki mwaka 1863. Katika miaka ya 1880 mwanajiolojia Charles Walcott alikusanya visukuku vingi kwenye miamba ile ya Emmons na kuthibitisha kuwa ni ya Kambria, kipindi cha kale walimotokea trilobaiti wa kwanza. Hata yeye alikuwa amepanga tabaka za Kambria kichwa chini: mwaka 1888, huko Newfoundland, kisiwa cha Kanada, alikuta trilobaiti Olenellus wakiwa chini ya trilobaiti Paradoxides, yaani ni wakongwe zaidi, si juu yao kama alivyodhani, akajirekebisha hadharani.

Mfumo wa miamba aliouunda Emmons kwa ajili ya sleti zile haukudumu, maana aliuchanganya na miamba ya umri mwingine. Majina ya trilobaiti wake wawili yanatumika hadi leo.