Mcha mwana kulia: maswali ya wazazi kuhusu kumrudi mtoto wa miaka 3 hadi 5 bila kumchapa

Siku ya kliniki, kwenye benchi la kusubiri mizani, hukosi kumsikia mzazi akimwambia mwanawe: "Endelea kulia, yule nesi anakuja kukuchoma sindano." Nesi mwenyewe ni mimi. Zamu ya mtoto ikifika, hata kuvua viatu hataki. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na wazazi wenye watoto wa umri wa chekechea.

Mwanangu ana miaka 3 na nusu. Tukiwa dukani akinyimwa biskuti anajitupa chini na kugaragara mpaka watu wanajaa. Huu si ukorofi?

Ni umri wake. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayomwezesha mtu kujizuia na kungoja, huchelewa sana kukomaa. Huendelea kukua hata baada ya miaka 20. Mtoto wa miaka 3 anaijua vizuri biskuti anayoitaka, ila breki bado hana. Hasira ikishampanda, maneno hayamwingii, kwa hiyo usimhubirie pale sakafuni.

Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane. Shusha sauti. Mtajie anachokisikia moyoni: "Umekasirika. Ulitaka biskuti." Kisha toa uamuzi mara moja tu: "Leo hatununui." Usibishane naye, usitishie kumwacha hapo. Kama barabara iko karibu au anaweza kujiumiza, mbebe mtoke, bila maneno mengi. Kaa naye mpaka apoe, halafu mpe kazi: "Haya, nishikie hizi nyanya twende."

Kosa ninaloliona kila siku ni mzazi kuona aibu ya watu, akanunua biskuti ili mtoto anyamaze. Hapo mtoto amejua kuwa bei ya biskuti ni kugaragara, na kesho atalipa tena. Ni afadhali umwambie kabla hamjatoka nyumbani: "Tunakwenda kununua unga na mafuta, biskuti hakuna." Na usimpeleke sokoni akiwa na njaa au usingizi.

Wahenga walisema mcha mwana kulia hulia yeye. Mbona ninyi mnataka tulee watoto kama mayai?

Methali hiyo naipenda sana, na naona tunaitumia vibaya. Haisemi umpige mwana ili alie. Inasema usikiogope kilio chake. Anayeonywa ni mzazi anayekubali kila kitu ili mtoto asilie. Ukisema simu inazimwa, izimwe. Atalia. Keti naye, mshike mgongo, mwache alie, na simu ibaki imezimwa. Upole uwe kwenye mkono na kwenye sauti. Uamuzi wako usilegee.

Lakini kofi dogo, au ndala moja ya mguuni, kweli lina madhara?

Kofi linamnyamazisha, hilo sikatai. Linamnyamazisha kwa hofu. Nikimwuliza mtoto kwa nini alichapwa, wengi hunijibu, "Mama alikasirika." Kosa lenyewe hawalikumbuki. Watafiti waliowafuatilia watoto kwa miaka wameona kuwa wanaochapwa mara kwa mara huzidi kuwa wagomvi, na wengine hujifunza kuficha na kudanganya.

Kuna madhara ya mwili pia. Kofi la sikio linaweza kupasua kiwambo cha sikio. Ukimnyanyua mtoto kwa kumvuta mkono mmoja, kiwiko chake huteguka kwa urahisi, kwa sababu viungo vyake bado havijakaza. Utaona anauning'iniza mkono na hataki uguswe. Kumtikisa kwa nguvu ni hatari zaidi, kwa kuwa ubongo unaumia bila jeraha kuonekana nje.

Na maneno yanaumiza vilevile. Mwaka 2024 UNICEF ilitoa hesabu kwamba duniani watoto karibu milioni 400 wa chini ya miaka 5, yaani 6 katika kila 10, hupigwa au kudhalilishwa kwa maneno nyumbani mara kwa mara. "Mjinga kama baba yako" imo humo. Vitisho vya sindano navyo vinatugharimu: mtoto aliyeambiwa kuwa nesi ni adhabu huficha maumivu akiugua.

Sheria nazo zimelisemea hili. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 29, inakataza mtu yeyote kupewa adhabu ya viboko. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu za kikatili na kumrudi mtoto kwa namna isiyolingana na umri na hali yake.

Sasa akikosa, nimfanyeje? Aachwe tu?

Asiachwe. Mfungulie njia ya kurekebisha alichoharibu. Amerusha gari la kuchezea likamgonga mtu, gari linawekwa kabatini mpaka jioni. Amemwaga uji kwa makusudi, anafuta.

Baba mmoja alinieleza jinsi alivyompa binti yake wa miaka 4 kitambaa baada ya kumwaga uji. Mtoto alifuta kwa kuzungusha mkono, uji ukatapakaa sakafu nzima. Baba alisema mkono ulimwasha, lakini alikaa. Akamwonyesha namna ya kukunja kitambaa na kuvuta upande mmoja, wakamaliza pamoja. Wiki kadhaa baadaye binti alimwaga maji kwa bahati mbaya, na kabla hajaambiwa lolote akaenda mwenyewe kuleta kitambaa.

Ukitaka akae pembeni atulie, dakika 3 hadi 5 zinatosha, dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake, mahali unapomwona. Usimfungie chumbani, usimweke gizani, usimnyime chakula.

Anamng'ata na kumpiga mdogo wake.

Zuia mkono wake bila kuuminya: "Sitakuacha umpige mtoto." Mhudumie kwanza aliyeumia, huyu mwingine aone. Wakishatulia mfundishe maneno ya kutumia: "Sema, nipe mpira wangu." Halafu mvizie akifanya jema, umtajie lile jema lenyewe: "Nimeona umemkatia mdogo wako muhogo." Ukimwambia tu "mtoto mzuri", hajui uzuri wake ulikuwa wapi.

Bibi yake anamdekeza, dada wa kazi anamfinya. Nifanye nini?

Chagueni kanuni 3 tu za nyumba nzima, zisizozidi hapo. Kwa bibi nenda kwa heshima, umwombe msaada, usimfundishe kazi. Dada wa kazi mara nyingi ni binti mdogo ambaye naye alilelewa kwa kofi. Mwonyeshe kwa vitendo, na usimgombeze mbele ya mtoto. Ukikuta alama mwilini ambazo huelewi zimetoka wapi, usinyamaze. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure, Tanzania na Kenya.

Utajuaje kama tatizo si adabu bali ugonjwa?

Anza na usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 3 na 4 walale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na wasikae mbele ya simu au runinga zaidi ya saa 1. Watoto wengi "wakorofi" wana usingizi tu.

Mlete tumpime kama haitikii akiitwa, au masikio yanatoa usaha; huenda hasikii. Mlete kama amepauka na anachoka upesi, kama ana miaka 3 na bado haungi maneno, au kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena naye tunahitaji kumwona, na tutauliza pia kuna nini kipya nyumbani.

Jana nilimpiga. Nimeshaharibu?

Hapana. Mwombe radhi. Najua wazazi wengi huona ni kujishusha, lakini mwambie: "Jana uliandika ukutani, mama akakasirika akakupiga. Haikuwa sawa. Ukutani hatuandiki, tunaandika hapa." Umpe karatasi. Radhi umeomba, na katazo liko palepale.

Kisha angalia ilikuwa saa ngapi ulipompiga. Kwa wazazi wengi ninaoongea nao ni jioni, wamerudi wamechoka, jiko halijawashwa, mtoto amewakosa mchana kutwa. Kabla ya kuwasha jiko, kaa naye dakika 10, simu ikiwa mbali. Ukianza kupika mpe ungo na maharage kidogo, akuchambulie akiwa karibu nawe.