Begi la kujifungulia limejaa, kibubu je?

Mama mmoja alinifungulia begi kliniki: doti mbili za khanga, beseni jipya, pampasi pakiti tatu na kopo la maziwa ya unga. Binti yake wa miaka 16, mimba ya miezi mitano, alikaa pembeni akichezea kadi.

"Nesi, sisi tumejiandaa."

Nikamuuliza, uchungu ukimshika usiku wa manane, mnafikaje hapa? Kimya.

Lile kopo ndilo lililoniudhi. Mtoto anatoshwa na maziwa ya mama miezi 6, bila hata maji, na hela ya kopo moja ni nauli.

Kwa sera yetu Tanzania, huduma ya mjamzito kituo cha serikali ni bure. Ila mnajua na mimi najua: mtaambiwa mje na glovu, pamba, mpira wa kulalia na kibana kitovu. Nunueni kidogo kidogo. Gharama inayoangusha familia ni ya dharura. Binti mdogo yuko hatarini zaidi kupata kifafa cha mimba, na nyonga ambayo haijakomaa inaweza kumkwamisha mtoto. Hapo ni rufaa, na hospitali ya wilaya iko mbali. Nilimwambia yule mama atie shilingi 500 kwenye kibubu kila siku, kuanzia wiki ya 20 hadi ya 40. Ni 70,000. Namba ya bodaboda mliyepatana naye iandikwe nyuma ya kadi. Lakini kichwa kikigonga, uso ukavimba, macho yakaona ukungu, msisubiri kibubu kijae. Njooni.

Baba wa mtoto? Wengi "huyamaliza nyumbani" kwa kupewa hela, na hela ile huisha kabla mtoto hajajua kukaa. Binti wa chini ya miaka 18 ambaye hajaolewa akipewa mimba, sheria inamhesabu kuwa amebakwa, hata akisema alipenda. Matunzo ya mtoto nayo yanadaiwa mahakamani kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Anzieni kwa afisa ustawi wa jamii.

Binti mwenyewe aliuliza swali moja tu: "Shule nitarudi?" Utarudi, mwanangu. Tangu Novemba 2021 waliokatishwa masomo na ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vingine vina sehemu ya kulelea watoto. Sasa nani atabaki na mtoto? Yule mama, ndiye bibi wa mtoto, anauza dagaa, anatoka alfajiri. Siku asiyokwenda sokoni ni hasara, nayo iingie kwenye hesabu kama glovu zinavyoingia. Nilimweleza binti kwamba maziwa yanakamuliwa kwa mkono kwenye kikombe safi chenye kifuniko, yanawekwa mahali pa baridi, na mtoto ananyweshwa kwa kikombe ndani ya saa 4. Akacheka, akaona aibu, kisha akauliza yanakamuliwaje hasa.

Kliniki iliyofuata kopo lilikuwa limerudishwa dukani, na nyuma ya kadi kuna namba mbili za bodaboda. Bibi na shangazi bado wanavutana nani atabaki na mtoto siku za mnada.