Je, wajua kwa nini Oktoba 20 haiitwi tena Kenyatta Day?

Mkenya aliyemaliza shule ya msingi kabla ya 2010 ukimuuliza Oktoba 20 ni siku gani, huenda jibu la kwanza kumjia mdomoni likawa Kenyatta Day. Mdogo wake atakwambia ni Mashujaa. Tarehe haikuguswa, gwaride lipo, na watu bado hawaendi kazini. Kilichobadilika ni mwenye siku.

Jibu fupi liko kwenye Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010. Ibara ya 9 inataja siku tatu tu za kitaifa: Madaraka Juni 1, Mashujaa Oktoba 20 na Jamhuri Desemba 12. Hakuna hata moja inayobeba jina la mtu. Jibu refu ndilo lenye utamu, kwa sababu tukirudi kwenye usiku wenyewe ambao siku hii inaukumbuka, tunakuta kwamba tangu mwanzo haukuwa usiku wa mtu mmoja wala wa kabila moja.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na askari wakaanza kugonga milango ya viongozi wa wananchi. Zaidi ya watu mia moja walikuwa kwenye orodha yao. Sita kati ya waliokamatwa ndio walioshtakiwa kuwa vinara wa Mau Mau: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Ngei alikuwa Mkamba wa Machakos, Oneko Mjaluo wa Nyanza. Vitabu vya shule viliwataja wote sita kama shairi, kisha sherehe ikafanyika kwa jina la mmoja.

Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali na Nairobi na mbali na reli, mahali ambapo mtu hakuweza kuingia bila kibali cha serikali. Serikali ilikusudia iwe hivyo. Hakukuwa na mahakama ya maana huko, kwa hiyo walitumia darasa la shule. Lakini hebu tazama waliosimama kuwatetea. Wakili mkuu alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza. Pembeni yake walikuwapo Dudley Thompson wa Jamaika, H. O. Davies wa Nigeria na Chaman Lall aliyetoka India, pamoja na mawakili wa hapahapa Kenya: Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Walikuwa wakilala Kitale na kusafiri kwenda Kapenguria, katika nchi ambayo hoteli zake zilitenganisha watu kwa rangi, kiasi kwamba mawakili wa kesi moja hawangeweza kukaa meza moja wakala chakula cha jioni. Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu washtakiwa miaka saba na kazi ngumu. Mawakili walishindwa, ila kila siku waliyosimama pale, dunia ilikuwa ikisoma habari za Kenya.

Kuna mtu mwingine ambaye hakukamatwa usiku ule kwa sababu rahisi: alikuwa kizuizini tayari kwa zaidi ya miaka miwili. Jina lake Makhan Singh. Alizaliwa Punjab, akaletwa Nairobi mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 13, akafanya kazi kwenye mtambo wa uchapaji wa baba yake. Mwaka 1935 alishika uongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na mara moja jina likabadilishwa. Neno "Kihindi" likaondolewa, chama kikawa cha wafanyakazi wote wa Kenya bila kujali rangi. Leo hilo linaonekana jambo dogo. Wakati huo, mishahara, vyoo, mitaa na mabehewa ya treni yote yaligawanywa kwa rangi, na mwajiri alitegemea kwamba fundi wa Kihindi na kibarua wa Kiafrika hawatagoma siku moja.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Aprili 23, 1950, katika mkutano wa Kaloleni jijini Nairobi, Singh alisimama na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakati huo wengi wa waliokuwa jukwaani walikuwa bado wakiomba viti zaidi kwenye baraza la mkoloni. Mei alikamatwa pamoja na Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Yeye akapelekwa kaskazini, Lokitaung kule Turkana, baadaye Maralal na Dol Dol. Alitoka Oktoba 1961. Kenyatta alikuwa amekwisha kuachiliwa Agosti ya mwaka huohuo. Mtu aliyetangulia kuingia ndiye aliyekuwa wa nyuma kutoka, zaidi ya miaka kumi na moja bila kuhukumiwa kwa kosa lolote, na kwa miongo mingi hakuwa na siku, hakuwa hata na sentensi moja kwenye hotuba ya Oktoba 20. Mimi hilo linaniuma.

Basi kwa nini siku ikawa ya mtu mmoja? Nchi mpya ilitaka Baba wa Taifa, na Kenyatta alikuwa na sifa hiyo mbele ya watu. Hilo hakuna anayelikataa. Lakini palikuwa na sababu nyingine. Wengi wa wale wengine walikuja kugombana na serikali mpya juu ya ardhi na mali, na ni vigumu kumwimbia mtu sifa huku unamwinda. Pio Gama Pinto, Mgoa (mwenye asili ya Goa, India) aliyezaliwa Nairobi na kufungwa na mkoloni kuanzia 1954 hadi 1959, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi Februari 24, 1965. Kaggia alihama chama tawala akaishia gerezani mwaka 1968. Achieng' Oneko aliwekwa kizuizini mwaka 1969, akakaa hadi 1975. Tafakari hapo kidogo: miaka hiyo yote taifa liliadhimisha Oktoba 20, na mmoja wa sita wa Kapenguria alikuwa amefungiwa na serikali ya mwenzake aliyekaa naye kizimbani.

Na wapiganaji wa msituni? Marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki kwenye sheria za Kenya hadi 2003. Kwa miaka arobaini baada ya uhuru, mzee aliyepigana Nyandarua alikuwa, kwa maandishi, mwanachama wa kundi haramu. Sanamu ya Dedan Kimathi katikati ya Nairobi ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka hamsini kamili tangu kiongozi huyo wa Mau Mau anyongwe katika gereza la Kamiti. Kwa hiyo Katiba ya 2010 ilikuja wakati mlango umeanza kufunguka.

Neno "mashujaa" liliipa siku nafasi ya kurudi nyuma kuliko 1952. Pwani, mtu wa kwanza kutajwa ni Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 serikali ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu, na ofisa Arthur Champion akaitisha baraza kuwashawishi wazee. Wagiriama husimulia kwamba Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa mkono. Mekatilili akamwambia hivyo ndivyo itakavyokuwa ukigusa wana wetu. Kisha alizunguka vijijini na ngoma ya kifudu, ngoma ya mazishi, ambayo haikuwezekana watu wasiifuate. Alipowafikisha Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayemfanyia mzungu kazi.

Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Walitoroka Januari 1914 na kurudi kwa miguu hadi Ugiriama. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mwanamke huyu hakuwahi kusoma, hakuwa na bunduki, na serikali iliona haitoshi kumfunga yeye. Ilibidi ibomoe na mahali pake patakatifu.

Nandi nao wana tarehe yao, na kwa bahati iko mlango wa pili: Oktoba 19, 1905, siku ambayo Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho wa Wanandi) aliyeongoza upinzani dhidi ya reli kwa miaka kumi, aliuawa na ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen kwenye mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Fimbo zake za uongozi zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006.

Hadi hapa nimezungumzia waliokufa. Lakini kuna swali ambalo kwangu ndilo kipimo cha siku hii: taifa linalosema linaheshimu kila jamii iliyolijenga, je, linawahesabu walio hai? Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Mashujaa wa Kenya, ambayo iliweka utaratibu wa kuwatambua mashujaa. Wakati huohuo, Kwale, Wamakonde walikuwa wakiishi bila kitambulisho. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kuja kukata mkonge na miwa, wakabaki, wakazaa, wakajukuu. Mikono yao ndiyo iliyochonga vinyago ambavyo watalii wengi wamekuwa wakivinunua pwani wakidhani ni "vya Kenya", na kwa kweli ni vya Kenya. Ila mchongaji mwenyewe hakuwa na namba. Bila kitambulisho hapati akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, na pesa za kazi yake zinapitia kwenye simu ya jirani.

Oktoba 2016 Wamakonde wapatao mia tatu waliondoka Kwale kuelekea Nairobi kwa miguu. Oktoba 13, wiki moja kabla ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kuchelewa, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Wakawa wanaitwa kabila la 43. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kabila la 44. Hilo la pili lilizua mjadala, nami nawaelewa waliouliza: mtu aliyezaliwa hapa na baba yake akazaliwa hapa, ambaye watu wa jamii yake walifungwa na kuuawa kwa ajili ya nchi hii, anahitaji namba ya kabila ili iweje? Hata hivyo nimesikia pia furaha ya waliosema angalau sasa hakuna atakayewaambia warudi kwao.

Baada ya hapo sikukuu zenyewe zikaanza kutumika kwa kazi hii. Jamhuri ya Desemba 12, 2020, ilitangazwa kwamba Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda watapewa uraia. Washona walikuja kutoka Zimbabwe miaka ya sitini kama wahubiri, wengi wakijulikana Nairobi kwa useremala. Kisha Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi ambao lugha yao ni hii ninayoiandika, lakini waliambiwa miaka yote kwamba kwao ni ng'ambo.

Si kila badiliko la kalenda lilikwenda vizuri. Moi Day, sikukuu ya Rais Moi ya Oktoba 10, iliachwa nje ya Katiba, watu wakadhani imekufa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema bado ni sikukuu kwa kuwa Sheria ya Sikukuu haikurekebishwa. Tangu hapo imepewa jina la Huduma, kisha Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa Mazingira. Hilo la Utamaduni mimi ningeliacha. Ilikuwa siku pekee iliyotaja waziwazi kwamba Kenya ni mila nyingi. Sheria hiyohiyo ya Sikukuu, kwa taarifa yako, ina sehemu ambayo wengi hawaijui: Idd-ul-Azha imewekwa kwa Waislamu na Diwali kwa Wahindu, mbali na Idd-ul-Fitr ambayo ni ya wote.

Jambo jingine lililobadilika ni mahali. Zamani sherehe kuu zilikuwa Nairobi. Siku hizi Mashujaa huzungushwa kaunti hadi kaunti: Kakamega 2018, Mombasa 2019, Kirinyaga 2021, Kericho 2023. Mwaka 2020 ilifanyika Kisii, mji ambao Mekatilili alipelekwa kufungwa na akatoroka. Mwaka 2024 zamu ikawa ya Kwale, kaunti ambayo Wamakonde waliondoka kwa miguu miaka minane kabla kwenda kuomba watambuliwe kuwa Wakenya.